Nimefuta mwandiko wa baba

Nimebonyeza kispreya kama napiga rangi bampa la gari kule gereji, jamani, rangi ikamwagika yote.

Ni kilori cha mfano, cha maboksi. Marehemu baba alikitengeneza akiwa anaumwa, mbele akaandika kwao, MADABA, kwa mkono wake. Kesho arobaini yake.

Nilitaka niweke kivuli tu pembeni, kionekane kina vumbi la njiani. Kispreya chenyewe chembamba kama kalamu, ndo kwanza nimekishika leo.

Maandishi hayaonekani tena.

Mama katoka ndani, kaangalia.

"Mwanangu, mbona umemfuta baba yako?"

Hajanigombeza. Bora angenigombeza.

Mafundi, hii rangi inatoka bila kuondoka na ya chini? Niambieni.

Ngoja niende, mama kashachukua kanga anaifuta hiyo rangi, na bado mbichi.