Nauli ya Mama wa Chai

"Mtoto wa mchukuzi akifika gatini, bandari ya Mkoani, ameshafika," wanakijiji walikuwa wakinicheka. Nilisoma kwa fedha za kukopa kwa ami zangu na majirani, nikapata diploma ya mitambo ya baridi, na baada ya miaka michache nilikuwa fundi mkuu wa mafriji katika kambi ya jeshi la kigeni, mashariki ya Kongo. Nani mwengine kijijini kwetu aliyefika huko? Sijamwona.

Nje ya lango la kambi mama mmoja aliuza chai na maandazi. "Mtanzania, Kiswahili yako iko ya radio," alinitania kila asubuhi. Mji mzima uliishi kwa kambi ile, na wapiganaji wa porini hawakuthubutu kusogea.

Kisha wanajeshi wale wa kigeni wakaamriwa kuondoka. Walipakia hata majenereta. Kampuni iliyoniajiri ilitangulia, na mishahara yetu ikaenda nayo. Hospitalini friji za dawa zikazima. Kuziwasha nilijua, lakini kwa umeme gani? Lori la mwisho lilipotoka, watu walilikimbilia na watoto migongoni, wakaachwa barabarani. Jioni tukasikia bunduki ng'ambo ya mto.

Mama wa chai alinikuta nimekalia sanduku langu la vifaa.

"Unangoja nini, kaka?"

"Sina nauli."

Akafungua fundo la kitenge, akanipa mtaji wake wote. "Utanitumia ku simu. Enda sasa, kesho barabara itafungwa."

"Na wewe?"

"Mama yangu ni mugonjwa, hatembei. Nitamubeba na nini?"

Nikaenda.

Nilishuka Mkoani mikono mitupu, wakacheka tena. Leo wavuvi wa Gando wanahifadhi samaki kwa mashine za barafu nilizozifufua mimi, na karakana yangu Mtambile haikosi wateja. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikamlipa kila aliyenikopesha.

Akabaki mama wa chai. Simu yake haikupatikana tangu wiki niliyoondoka, wala sikupata aliyejua walikokimbilia watu wa mtaa ule. Nilimwuliza shehe wetu.

"Mwenyewe hapatikani, warithi huwajui," akasema. "Zitoe pesa zake sadaka kwa niaba yake, deni likushuke."

Nilizishika pesa zile miezi mingi. Kuzitoa ilikuwa kukubali kwamba hayupo. Ijumaa iliyopita nilizitoa. Sasa sidaiwi na mtu yeyote. Mchana ule mke wangu alipika pweza, akaniuliza mbona sili.