Leso ya Mama Imali

Naona haya kuisimulia hii, na nikianza kukohoakohoa katikati mjue ni aibu wala si homa, maana hata leo nikikaa peke yangu nikaikumbuka, mimi huinuka nikaenda dirishani bila sababu.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi karani kijana mjini Kakamega, na Jumamosi hiyo nilikuwa natarajiwa kwa kina Imali, mchumba wangu, kule karibu na msitu, wazazi wake wanione kwa mara ya kwanza. Baba mdogo, ambaye ndiye angenisemea, alisema tukutane sokoni Shinyalu saa saba. Mimi saa mbili asubuhi nimeshafika (ndivyo nilivyo, nikiwa na wasiwasi miguu haitulii). Nikanywa chai, nikalizunguka soko, nikanywa chai nyingine, nikatazama saa, bado ni saa tatu kasoro, nikajiambia badala ya kuliwa na mawazo hapa, kwa nini nisiende kuona yale maporomoko ya Isiukhu ambayo Imali hunisifia kila siku, nikaoga huko, nikarudi nimetakata? Nikaliacha koti la suti kwa mwenye hoteli, nikanunua ndizi, nikaingia msituni.

Njia ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani, tope na mizizi, nikapotea mara mbili, nikatembea nikitazama saa kila hatua. Nilipofika nikavua vyote isipokuwa chupi, na suruali nikaitia kwenye mfuko wa ndizi ili isichafuke. Ndizi, jamani, kwenye msitu wa nyani. Nilipotoa kichwa majini nyani dume mmoja alikuwa anapanda mti na mfuko wangu, wala hana haraka.

Nilikuwa bado namrushia mawe na matusi nilipomsikia mtu akikohoa. Mama mmoja alikuwa amesimama kando ya mzigo wa kuni, uso ameugeuzia vichakani.

“Wanaibanga hata sufuria, hao,” akasema. Akafungua leso kiunoni, akanirushia. “Jifunge hiyo, mwanangu.”

Nikajifunga, nikavaa shati, nikamshukuru kwa kumshika mkono. Akanimegea kiazi kitamu, tukala pamoja tumekaa juu ya jiwe. Akauliza jina. Sasa karani mzima, nimejifunga leso ya maua, nitajitaja kweli? Nikasema, “Naitwa Wafula, nasoma chuo cha Bukura.”

“Basi Wafula, nitwike hizi kuni. Nachelewa. Leo mkwe anakuja kumwona Imali wangu, na kuku bado hajachinjwa.”

Mzigo ulibaki kidogo uniponyoke. Kwetu, mkwe na mama mkwe hupishana mbali: hamshikani mikono, hamli pamoja, na nguo yake huigusi hata ikiwa kwenye kamba. Mimi yote nilikuwa nimeyamaliza kabla ya saa sita, na bado ningeweza kusema, “Mama, nisamehe, ni mimi.” Ulimi ukagoma. Nikamtwika, akaniambia leso niiache kwenye duka la jirani yake pale sokoni, akaenda zake akiimba.

Nilirudi Shinyalu mbio, nimeshika leso isifunguke, watoto wakinifuata. Fundi mmoja wa kushona akanionea huruma akaniazima suruali ya mteja wake iliyoishia juu ya vifundo vya miguu. Duka lilikuwa limefungwa na baba mdogo alikuwa ananivuta mkono, kwa hiyo leso nikaikunja ndani ya koti, tukaenda.

Kule tuliketi sebuleni na wazee wao, mama yupo jikoni kama desturi ilivyo, na mimi nikaamua nisiseme neno mpaka jioni. Nikatikisa kichwa, nikatabasamu, nikakuna goti. Mzee wao akachoka.

“Huyu ni bubu? Kijana, taja jina lako tukusikie.”

“Hezekia,” nikanong'ona.

“Sauti.”

“Naitwa Hezekia.”

Huko jikoni kifuniko kikaanguka, halafu sauti ya mama: “Huyo ni Wafula wa Bukura. Muulizeni nguo yangu iko wapi.”

Baba mdogo akanigeukia polepole. Nikaitoa leso kwenye koti. Imali alikuwa mlangoni ameshika birika la kunawia, akaitazama leso, akanitazama mimi, akarudi ndani. Nilijua nimempoteza, na nilitaka kulia mbele ya wazee wale wote.

Kuku hatukumwona. Tulirudi na njaa, baba mdogo mbele. Ilichukua miezi minne, mbuzi mmoja, leso mpya iliyopelekwa na shangazi kwa niaba yangu, na Imali kususia barua zangu tatu, ndipo tukakubaliwa tena. Shangazi alirudi na ujumbe wa mama: “Angeniambia jina lake pale mtoni ningegeuka nikaenda, na mambo yangeishia hapo, lakini alinidanganya huku anakula kiazi changu.”

Tangu siku hiyo sijawahi kufika mapema popote, na mtu akiniuliza jina nalitaja lote, hata la babu. Lakini nimechelewa. Nikienda ukweni, chai ikiwa tayari, mama mkwe hukaa hukohuko jikoni akamtuma mjukuu: “Kamwambie Wafula wa Bukura aje anywe.”

Nami huinuka, nikaenda kunywa.