Kiatu cha Kushoto

Mama anayefua jezi za timu ya raga anamjua winga wake kwa kiatu cha kushoto kuliko kwa sura. Kila baada ya mechi, misimu kumi na mitatu sasa, hukipindua na kukwangua matope kwa kijiti, akitafuta chokaa. Winga hukimbia pua na mdomo na mstari mweupe wa chokaa wa pembeni, na akiukanyaga tu, yuko nje. Viatu vya wenzake hurudi vyeupe utadhani wametoka kusaga unga. Chake, hata chembe. Vidole vyake viwili vya mkono vimepinda kwa kuvunjika, kwa hiyo mama ndiye humfungia kamba. “Usiniletee chokaa, baba.” Naye hujibu yaleyale: “Chokaa ni ya ukutani, mama.”

Siku ya fainali, mechi yake ya mwisho, watu walishasema amechuja. Dakika ya mwisho, timu ikiwa nyuma kwa alama tatu, alipewa mpira akachanja mbuga kando ya mstari, mabeki wawili wakimning'inia kiunoni, akajirusha kwenye kona na kuukandamiza mpira chini, alama tano. Uwanja ukalipuka, kisha ukanywea: refa alikuwa akiteta na msaidizi wake. Amekanyaga, hajakanyaga? Winga hakubishana na mtu. Alichomoa kiatu cha kushoto, akamrushia mama pale kwenye benchi. Mama akakipindua. Matope. Nyasi. Matope tena.

Filimbi ya kukubali ilipolia, wengi hawakuisikia. Vigelegele vya mama vilikuwa vimeshaitangulia.