Mlango wa Nje wa Mama Adelaïde

Saa mbili asubuhi ukungu bado umeyafunika malisho ya Mushaki, na Symphorien Byamungu, seremala wa miaka hamsini na mmoja, anaukata ukuta wa nyumba yake mwenyewe. Msumeno unapita ubao baada ya ubao. Waendao sokoni wanasimama kumtazama.

"Papa Patient, unabomoa nyumba ao Mama Solange amekufukuza?" anauliza Benoît, jirani mwenye ng'ombe.

"Natafutia mama-mukwe njia," anajibu bila kuinua kichwa.

Chumba kilicho nyuma ya ukuta huo kilikuwa cha mwanawe wa kwanza, Patient, hadi alipooa na kuhamia Rubaya. Tangu hapo kikawa ghala la maharagwe na vipande vya mbao. Kisha ikaja habari kutoka Ntoto, upande wa Walikale: Mama Adelaïde, mamaye Solange mkewe, mjane aishiye peke yake, anataka kuja kumwona bintiye.

Furaha ikaandamana na hofu. Katika ukoo wa Mama Adelaïde, mama mkwe halali katika nyumba ya mume wa bintiye, wala hawatazamani uso kwa uso. Safari iliyopita alilala jikoni kwa jirani, moshi ukamtia kikohozi, akaondoka mapema.

"Nililia," asema Solange. "Nikasema, mama hatarudia tena hapa."

Symphorien akaazimia kumwandalia chumba cha staha na utulivu. Aliondoa magunia, akaziba nyufa, akapaka kuta rangi ya maziwa. Dirisha alilifungua upande wa migomba, mbali na kelele za pikipiki. Wiki nyingi hupata kazi ya mlango mmoja au miwili tu, hivyo mbao za kitanda alizikusanya kidogo kidogo, akakiunda kirefu kwenda juu, kama wapendavyo wateja wake wa Sake.

Solange alipoingia, alicheka hata akaketi sakafuni.

"Hii kitanda ni ya mufalme? Mama atapanda na échelle?"

Miguu ya kitanda ikapunguzwa, ngazi isihitajike. Lakini Solange alikuwa akiutazama mlango wa chumba, uliofungukia sebuleni.

"Hapa njo umekosea," akamwambia. "Mama atapita pa salon, atakuta viatu vyako, atarudia barabarani."

Seremala aliyepima kila kitu alikuwa ameisahau njia ya kuingilia. Ndiyo sababu ya msumeno wa leo: mlango wa ndani ameupigilia mbao, na huu mpya utaelekea jiko la Solange, kwa kufuli na ufunguo wa mgeni. Chumba chenye mlango wake, wazee wa ukoo wa bibi wamekubali, huhesabiwa nyumba nyingine.

Jumamosi Mama Adelaïde anashuka kwenye pikipiki, vumbi mabegani. Symphorien amejitenga katika karakana yake. Bibi haingii chumbani. Anaizunguka nyumba, anaingia sebuleni kwa bintiye, ambamo viatu vya mkwe vimeondolewa, anaugonga mlango uliozibwa.

"Hapa hapafunguke?"

"Hapafunguke, mama. Alipiga misumari."

"Mingi?"

"Hata yeye hawezi kuitoa."

Bibi anatoka, anazunguka tena, anafungua mlango wake kwa ufunguo wake, na kwa rehema ya Mola anatua mzigo. "Letea mie maji ya kunawa," anasema.

Asubuhi yake, mbao za ukuta zinagongwa kutoka chumbani kwa bibi.

"Papa Patient! Unakoromaka sana, weye."

Upande wa pili, mkwe anashika kichwa. "Pardon, Mama. Leo nitaongeza mbao ingine pa ukuta."

"Acha. Kwangu Ntoto nalalaka pekee. Hapa nasikia nyumba iko na bantu, siko pekee."

Ubao aliokwisha kuupima kwa ukuta, Symphorien sasa anaukatia benchi ya kuweka nje ya mlango mpya, mgeni apate kuota jua. Matumaini yake ni kwamba atakaa hadi maharagwe yavunwe. Solange amemuuliza mamaye, naye akaomba sabuni. Amefua vitenge vyote vya safari, na kuvianika uani, mfuko wake mtupu ukining'inia ukutani.