Bega la Mwalimu Birigita

Kuna siku moja ya mavuno ya kahawa ambayo naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na mzee wangu akinisikia nikisema hivyo hununa. Wacha anune. Mwanangu, vuta kiti, hii si hadithi ya haraka.

Nilikuwa kidato cha nne hapa Mukurweini, na usinione hivi, nilijua kurusha mpira wa mikono. Nikirusha, kipa alikuwa anauona mpira ukiwa tayari wavuni. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa Birigita, mama wa Kiswidi aliyeletwa huku na kazi ya mumewe ya kuchimba visima. Kwao aliichezea timu ya taifa miaka mingi, kisha akastaafu. Kiswahili alikisomea vitabuni, na chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi watu wa "kitabu yangu".

Sasa, Jumamosi iliyokuwa inakuja, wageni wangetoka Nairobi kuchagua wachezaji wa timu ya shirika lao. Ukichaguliwa, unapewa na kazi. Nyumbani tulikuwa watoto wengi na mama alikuwa peke yake, kwa hivyo bega lilipoanza kuniuma nilinyamaza. Mkono haufiki kichwani, na mimi nasema ati niko sawa. Kujifanya kunachosha kuliko kulima, mwanangu, na wahenga walishasema mficha maradhi kilio humfichua.

Siku hiyo nilipeleka kahawa faktori ya Gakindu. Wanawake wa huku mzigo tunaubeba mgongoni, umeshikwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso. Bega halina kazi hapo, ndiyo maana hakuna aliyenishuku njiani. Lakini nilipofika na kutaka kuuvua mukwa, mkono wa kulia ulikataa. Nikaushika kwa ule wa kushoto, nikauinua kama jembe la kuazima.

Birigita aliniona. Alipenda kuja pale kuchagua kahawa pamoja na akina mama, nyekundu huku, mbichi kule. Akaja akaketi kando ya kahawa yangu, akaanza kuchagua bila kuniuliza kitu.

Akanisimulia maisha yake. Alianza kucheza akiwa mtoto, katika mji wa theluji ambako mpira ulichezewa ndani ya nyumba kubwa kwa sababu nje haudundi. Akakua nao, akaolewa nao, akavaa jezi ya nchi yake. Bega likaanza kuuma naye akalificha, kwa kuogopa kwamba bila mpira hatakuwa mtu. Mwishowe likachanika katikati ya mechi, na ukawa ndio mwisho.

"Mimi pia niliinua mkono huu kwa mkono huu," akaniambia. "Nilidungwa sindano, nikacheza, watu wakashangilia. Leo nywele zangu huchanwa na mume wangu."

Nikamuuliza alijisikiaje alipoacha.

"Nililala hadi saa nne asubuhi. Nikaamka nikiwa na njaa, nikajua bado niko." Kisha akaniangalia. "Wambui, bega linauma?"

Nililia mbele ya faktori nzima. Lakini moyo, mwanangu, moyo ulikuwa mwepesi hata kabla machozi hayajakauka.

Akanisindikiza nyumbani, maana nilimwogopa mama kuliko hao wageni wa Nairobi. Birigita akamweleza yote. Mama akanitazama juu hadi chini, akaketi pale pale chini, akacheka hadi akajifuta macho kwa leso.

"Bega tu?" akasema. "Ngai wangu, mimi nilijua una mimba."

Kumbe alikuwa ameniona sili, nalia kichinichini, na alishaanza kuulizia kijana ni wa nani! Jioni hiyo alinichinjia kuku, na hakuwa mtu wa kuchinja ovyo.

Jumamosi nilikaa kando, mkono umefungwa kwa kitambaa, wenzangu wakachaguliwa. Niliumia, sikudanganyi. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Bega lilipona polepole, nikawa mwalimu, nikafundisha mpira huohuo mpaka nikastaafu. Birigita alirudi kwao, sasa ni bibi kizee, na kila Krismasi tunapigiana simu. Mumewe bado humchana nywele.

Basi nasaha yangu ni hii. Kitu unachokipenda, mpira, kazi, hata mtu, kikianza kukuumiza, sema mapema, kwa sababu maumivu ukiyalisha kimya yanakua kuliko wewe. Na ukilazimika kuacha, acha. Wewe ulikuwepo kabla ya hicho kitu, na utakuwepo baada yake. Usidhani pia unajua watu wako watasema nini. Huenda wanakesha wakiogopa jambo baya kuliko lile unalolificha.

Mungu akupe mtu wa kukuuliza swali unaloliogopa, akupe na ulimi wa kumjibu. Kisha akupe usingizi hadi saa nne. Thaai, amani iwe nawe.