Nusu Kichwa

Mama alikuwa msusi, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko ulimi wake. Chumba chetu cha mbele ndicho kilikuwa saluni: kigoda, mkeka, kioo chenye ufa, na redio juu ya kabati iliyoimba kutwa. Hadi leo nikisikia harufu ya mafuta ya nazi nageuka, nikidhani ataniita, "Njoo hapa, we kichwa kigumu!" Nakikumbuka chumba kile mpaka roho inauma.

Wasusi wengine waliwaacha kina mama wakae pembeni watoe amri. Mama yangu aliwafukuza. "Nendeni sokoni. Mtoto akimwona mama yake analia mara mbili." Mtoto alikaa mkekani, mgongo kwa Mama, kichwa katikati ya magoti yake, asimwone usoni. Basi watoto walisema! Mama alijua nani kanuniana na nani na baba yupi anakoroma. Alicheka tu, hakutangaza. Mwenye mdomo nilikuwa mimi, na alinikanya kila siku: "Ya mkekani yabaki mkekani."

Likizo moja, alasiri, fundi redio alimleta binti yake. Mtaa mzima ulimpenda mtu yule. Redio yetu aliitengeneza bure, na utani wake ungemchekesha hata aliyefiwa. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, akabaki kulea peke yake, nasi tukamsifu kama watu wasio na macho.

"Msuke apendeze, mama," alisema. "Shule zinafunguliwa, asije akaniaibisha." Akaenda zake.

Mama alipoinua kichana, yule msichana alijikunyata akafunika kichwa kwa mikono miwili. Hakulia. Nywele zilikuwa zimeshikamana mabonge, chini yake vidonda, na nyuma ya sikio kulikuwa na alama ya moto ambayo haijapona vizuri. Mfukoni mwa gauni alikuwa ameficha kipande cha mkate mkavu. Mama aliweka kichana chini, akaanza kuzifungua kwa vidole na mafuta, taratibu.

"Nani alikusuka mara ya mwisho, mwanangu?"

"Mama."

Mama aliongeza mafuta kiganjani. "Na hapa nyuma ya sikio, pamekuwaje?"

Msichana alipagusa kwa kidole. "Kile chuma cha baba cha kulehemu. Nilichelewa kuosha vyombo." Kisha haraka haraka: "Usimwambie. Ataninyima chakula tena."

"Yeye sitamwambia," Mama alisema. "Ila nitamwambia mtu wa kutusaidia. Wewe hujakosea kitu. Umesikia? Hujakosea kitu."

Alimfuata jirani yetu jikoni tulikopika pamoja, wakanong'ona. Jirani akatikisa kichwa. "Shoga, kitanda usicholalia hujui kunguni wake. Achana na ya watu."

"Kunguni wake nimewashika kwa vidole hivi," Mama akamjibu, na akarudi mkekani.

Shida ilikuwa moja. Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa imeshafungwa, polisi wa kituoni wote walikuwa marafiki wa fundi, na fundi mwenyewe angerudi muda si mrefu kumchukua mtoto wake. Akishaondoka naye, basi.

Mama alisuka upande wa kulia, mistari iliyonyooka kabisa. Upande wa kushoto akauacha umesimama wima. Halafu akachukua nyuzi zote za kusukia zilizobaki, akazisukuma chini ya mkeka, akaniambia, "Kalia hapo, na usiinuke hata nyumba ikiungua."

Giza likiingia, fundi akaja. "Bado tu?"

"Uzi umeniishia, baba, na duka limefungwa."

"Mfunge kitambaa, twende."

"Fundi, wewe! Mtu anayeheshimika hivi, mwanao apite mtaani nusu kichwa? Watasema kwa kuwa hana mama. Mwache alale na wangu, asubuhi namalizia."

Alifikiri. Sifa alizipenda kuliko chakula, na Mama alilijua hilo. Mwishowe akacheka. "Haya. Akikusumbua mchape. Mchelea mwana kulia hulia yeye!"

Mama akacheka naye mpaka mlangoni. Aliporudi alifunga komeo. "Huyu halii," aliniambia. "Nimemfungua mabonge yale yote, halii. Mtoto gani halii?"

Asubuhi Mama alifika ofisini kabla ya mwenye ufunguo. Alirudi na afisa mwanamke na muuguzi, na siku ileile wakampeleka mtoto kwa bibi yake, mzaa mama, mji wa mbali. Mama aliomba amalizie kichwa, gari halikusubiri. Msichana aliondoka na kitambaa changu, nusu kasukwa, nusu hajasukwa.

Fundi alifikishwa mahakamani. Wateja wengine walihama, wakisema Mama kavunja nyumba ya watu. Redio iliharibika baadaye, na hatukuwa na wa kuitengeneza. Mama akawa anaimba mwenyewe, vibaya mno. "Ya mkekani yabaki mkekani," aliendelea kuniambia, "ila si ya kumuumiza mtoto. Hayo utayapeleka hadi utakapopata wa kukusikia."

Miaka ikapita. Vidole vya Mama vikakunjika, kichana kikamshinda. Jioni moja mwanamke alibisha hodi, amebeba mkoba. Sikumtambua mpaka alipogeuza kichwa nikaona kovu nyuma ya sikio. Alimwamkia Mama, akamkalisha mkekani, mgongo kwake, akaanza kumsuka zile mvi. Mama alimuuliza habari za bibi, za kazi, za watoto. Alijibu moja moja, na katikati ya majibu akaanza kulia, kwa sauti, kama mtoto mdogo. Mama akampapasa goti. "Lia, mwanangu. Lia tu."

Alipomaliza upande wa kulia akaweka kichana chini. "Uzi umeniishia, mama. Nitarudi kesho nimalizie."

Mkoba ulikuwa wazi pembeni yangu, umejaa nyuzi hadi juu. Nikausogeza taratibu, nikaukalia.