Nukta ya Mama Sponji

Simu ya mama haikuvunjika kwa sababu ilitua juu ya sponji. Aliirusha kutoka mlangoni, kofia ya baiskeli ikiwa bado kichwani, ikapita juu ya meza ya kukatia vitambaa na kuzama katika rundo la sponji tulizokuwa tumezikata asubuhi. Kisha akaivua kofia na kuitundika msumarini taratibu, kwa kuwa kofia haikuwa na kosa.

"Kaka yako," alisema, "atanitambua leo."

Mama ni fundi wa sofa. Mtaa mzima unamwita Mama Sponji, naye huitikia. Hukivua kiti kilichochoka mpaka kikabaki mbao na springi, akakijaza upya, akakivika kitambaa kipya, na mwenye kiti akirudishiwa hudhani ameletewa cha mtu mwingine. Vipimo huvichukua nyumbani kwa wateja, na huko huenda kwa baiskeli, tepu shingoni, chaki mfukoni, vipande vya vitambaa vya kuchagulia vikiwa kwenye kapu la mbele. Jioni akishafunga karakana huliondoa kapu, akapanda tena, akapotelea anakokujua mwenyewe. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Tulizoea kusikia breki ya nyuma ikilia mlangoni, na yeye akiingia uso umemchangamka, akiuliza kama kuna chochote cha kula.

Halafu mwenye gari mmoja akafungua mlango bila kutazama nyuma. Mama akarushwa, kifundo cha mkono kikateguka, na hospitali wakampigia kaka kwa sababu namba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza. Kaka ni mtoto wa kwanza, na anafanya kazi katika kampuni ya bima. Kutwa nzima anasoma habari za ajali za watu. Siku ile alifika tai imemwendea upande na midomo imemkauka. Sitasema kwamba hofu yake ilikuwa ya uongo.

Lakini mkono ulipopona na mama akaitoa baiskeli stoo, kaka alikuja na sharti. Aliweka kwenye simu ya mama programu ya waendesha baiskeli. Ilikuwa nzuri, kusema kweli. Inapima mwendo, umbali na milima uliyopanda, tena ni ya bure. Ila ilikuwa na jambo moja zaidi: simu ya mama ikiwa imewashwa tu, kundi zima la familia lilimwona kwenye ramani, nukta ya bluu inayotambaa barabarani. Na nukta ikisimama, kaka alipiga.

"Mama, umesimama. Kuna nini?"

"Kuna taa nyekundu."

Au: "Mama, mbona husogei?"

"Niko nyuma ya kichaka najisaidia. Nikutumie picha?"

Mwanzoni tulicheka. Hata mama alicheka. Kisha kicheko kikamwisha, akawa anaendesha huku anajihesabia visingizio vya kusimama, mtu mzima mwenye wajukuu.

Siku aliyoirusha simu, alikuwa ametoka kwa mzee mmoja mstaafu, mjane, aliyetaka sofa zake zote zivikwe upya. Kazi ya wiki kadhaa. Mama alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini mdomoni, akipima chini ya kiti, simu ikiwa kwenye mkono wa sofa. Ikalia. Mzee kwa wema wake akaiokota ampe, na macho hayana pazia, akasoma. Kaka alikuwa ameandika kwenye kundi, mbele ya kila mtu: "Mama, umekaa hapo mchana kutwa. Hapo ni kwa nani?" Na mjomba, mdogo wake mama, alikuwa ameshadakia: "Dada! Kumbe tuna shemeji mpya na hatujatambulishwa!" Chini yake vikafuata vicheko vya shangazi na binamu, vile vya machozi.

Mzee alimpa mama simu bila kumtazama. Akasema, "Kama hii itakuletea maneno nyumbani, mama, basi tuache tu."

Wakaacha. Mama alikunja tepu yake, akarudi na kapu lake.

"Pini zilikuwa mdomoni," aliniambia. Hilo ndilo lililomuuma. "Hata kumjibu yule mzee nilishindwa. Nilikuwa natema pini kama mwendawazimu."

Kesho yake alitaka twende duka la baiskeli. Alikuwa amesikia kwamba kuna kompyuta ndogo ya kufunga kwenye usukani, inayofanya kila kitu bila simu. Mimi nilikuwa nimekesha nasoma maoni ya watu, maana ndivyo nilivyo, siwezi kununua hata mwavuli kabla ya kusoma. Nikamweleza njiani. Kompyuta ina vitufe, haibabaishwi na mvua. Simu ikilowa, matone yanaibonyeza kama vidole. Kompyuta inasomeka juani, na chaji yake inakaa. Mtikisiko wa usukani unaua kamera ya simu. Kwa upande mwingine, simu tunayo tayari, ramani yake ni kubwa, na ile ya kompyuta ni ya kukodolea macho. Kwa maoni yangu programu ilitosha. Tungenunua kishikio kizuri.

"Na ile sehemu ya kundi tunaweza kuizima," nikamalizia.

Mama alisimama katikati ya njia. "Nikiizima, ataniuliza kwa nini nimeizima."

Nilimvuta pembeni, pikipiki ikapita.

"Nataka kitu ambacho hakina cha kuzima," alisema, akatangulia.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye mapaja ya mashindano, mchangamfu kupita kiasi. Alitaja milima, mapigo ya moyo, njia za kupakua. Mama alimsikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayemweleza namna ya kushona.

"Hiki kinamwambia nani?" akauliza.

"Kinamwambia nani nini, mama?"

"Nilipo."

"Aa! Ukikiunganisha na simu, ukianguka kinawaarifu watu wako papo hapo."

"Nisipokiunganisha?"

"Basi hakisemi na mtu. Safari zako zinabaki humu humu."

"Nifungie."

"Hujauliza bei, mama yangu."

"Umeniona nikiuliza?"

Kwa muda wa wiki moja na ushei nilimwona mama wangu wa zamani. Simu aliiacha karakana kwenye sponji, nukta ikilala hapo imetulia kama mtoto aliyeshiba, naye akaenda zake. Alirudi akinionyesha kioo cha kile kidude, mistari ya milima aliyopanda, na kuniambia maneno mawili matatu kuhusu upepo. Mahali hakutaja, nami sikuuliza.

Jumapili kaka akaja bila kubisha hodi. Alinikuta peke yangu, ninang'oa pini kwenye kiti.

"Mama yuko wapi?"

"Ametoka."

Akatazama simu yake, akalitazama rundo la sponji. Kabla hajasema neno, breki ya nyuma ikalia mlangoni.

"Unatoka wapi, Mama?"

"Shikamoo imekufa siku hizi?"

"Shikamoo. Unatoka wapi? Simu yako ipo hapa!"

"Imepumzika. Imechoka kuulizwa."

Ndipo akakiona kidude. Akainama juu ya usukani. "Hiki ndiyo nini?"

"Kinanieleza mwendo wangu. Mimi. Siyo mjomba wako."

"Mama, jamani! Mjomba alikuwa anatania."

"Na mteja wangu alikuwa anatania alipoacha kazi?"

"Ukianguka tena nani atajua? Nilikukuta kitandani pale umevimba mkono, hujui hata siku! Unataka nipigiwe tena?"

"Nilianguka kwa sababu mtu alifungua mlango wa gari. Kamwekee yeye nukta."

Kaka alizungusha kidude robo mzunguko, kikachomoka kwenye kishikio, akakitia mfuko wa shati. Alifanya hivyo haraka, kama anayemnyang'anya mtoto kiwembe. "Hiki nakaa nacho. Ukitaka kuendesha, endesha na simu. Hutaki, baiskeli naipakia kwenye gari sasa hivi."

Mama alikuwa ameuokota mkasi mkubwa wa sponji. Aliuweka mezani, akausogeza mbali kidogo. Mimi nilikiinamia kile kiti, nikang'oa pini nyingine.

"Sawa," mama akasema. "Nitaendesha na simu. Ila na wewe weka."

"Niweke nini?"

"Programu hiyo hiyo. Kundi hilo hilo. Kwani magari hayapati ajali? Si wewe unayezisoma kutwa?"

Kaka akacheka. "Mimi? Weka! Mimi sina cha kuficha."

"Nani amesema kuna anayeficha?"

Akaiweka pale pale, amesimama, kwa madaha.

Sasa ramani ilikuwa na nukta mbili, na mama akawa mtu wa simu.

"Mwanangu, umesimama."

"Niko kwenye foleni, Mama."

"Haya. Polepole."

Au: "Hapo ulipo si ofisini."

"Nakula!"

"Unakula nini?"

Aliuliza kwa sauti ya asali, na kila akikata simu alirudi kuitazama ramani. Haukuwa utani. Alikuwa anamrudishia kimoja kimoja.

Kisha tukaona jambo. Kila jioni nukta ya kaka ilifika nyumbani kwake, ikasimama nje ya geti, na haikuingia. Ilikaa hapo mpaka giza linaanza, ndipo ikasogea. Siku ya kwanza nilidhani ni mtandao. Siku zilizofuata nilijua siyo. Labda alikuwa anasikiliza redio. Labda alilegeza tai na kufumba macho. Ana watoto watatu, na kutwa anashindia habari za watu waliovunjika. Nani asingependa kukaa kidogo mahali ambapo hakuna anayemwita?

Nadhani mama aliyaona yote hayo kabla yangu. Alikuwa ameketi juu ya kiti kisicho na kitambaa, simu mkononi, anaandika kwa kidole kimoja.

"Mama, usimuulize."

"Kwa nini?"

"Si vizuri."

"Vizuri ni vipi? Kama alivyoniuliza mimi?"

Akatuma. Kwenye kundi, mbele ya wote, mbele ya wifi yangu aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo: "Mwanangu, umekaa nje ya geti lako tangu jua halijazama. Hapo ni kwa nani?"

Tuliona mjomba ameanza kuandika. Akaacha. Akaanza tena, akaacha. Hakuna aliyecheka. Nukta ikaingia getini, na kitambo kidogo baadaye haikuwepo kabisa kwenye ramani. Kaka alikuwa ameiondoa.

Mama alirudi kwenye mkasi. Alikata vibaya. Sponji ya kiti cha mtu mzima ikatoka ya kiti cha chekechea, akaitupa pembeni, akachukua nyingine.

Kaka hakuja siku nyingi. Alipokuja alisimama upande wa pili wa meza, akakitoa kidude mfukoni na kukiweka juu ya kitambaa.

"Ulinidhalilisha, Mama."

"Ndiyo."

"Mbele ya mke wangu. Tangu siku ile ananiuliza ninamkimbia nini."

"Mimi nilikuwa mbele ya mteja."

"Nilikuwa napumzika tu!"

"Najua."

"Ulijua? Ulijua na ukaandika?"

"Niliandika kwa sababu nilijua. Na mimi nilikuwa napima kiti tu. Wewe ulijua?"

Nilimpa kaka maji, hakuyanywa. Aliondoka bila kuaga, na mama hakumsindikiza hata kwa macho. Hakuna aliyeomba radhi, na mpaka leo ninapoandika haya hakuna aliyeomba.

Mchana ule ule mama alirudisha kidude kwenye usukani, kikalia *tak*. Simu kubwa akaitupa kwenye sponji, safari hii bila hasira. Mfukoni akatia simu kuukuu ya vitufe aliyoitoa kwenye droo ya chaki.

"Hii ni ya kupigia," aliniambia, "siyo ya kupigiwa." Akavaa kofia, akaenda.

Hajafika mbali, simu yangu ikalia. Kaka.

"Mama yuko hapo? Nukta inasema yuko hapo."

Nilishangaa. Yake ameiondoa, ya mama bado anaitazama. Mara hii sikuinamia pini.

"Simu ndiyo iko hapa. Yeye ametoka."

"Ameenda wapi?"

"Sijui, Kaka."

"Hujui, au hutaki kusema?"

"Sijui. Na hata ningejua nisingekuambia."

Nilikuwa sijawahi kumjibu hivyo, naye alikuwa hajawahi kusikia. "Unasema na nani wewe?" akauliza. "Akirudi mwambie—"

"Akirudi atakuwa amerudi," nikasema, nikakata.

Niliitazama simu ya mama pale kwenye sponji, nukta ya bluu ikipumua katikati ya karakana yetu, mahali ambapo mama hakuwepo. Nikaiokota, nikaizima. Akipiga kuuliza kwa nini imezimwa, aniulize mimi.